Nilivyokwama na mama mkwe ndani ya kibanda chekundu cha simu, kijiji kizima kikitazama

Wakuu, nawasalimu nyote: wa Bongo, wa Buja, wa Bukavu, na nyie mliotapakaa huku kwenye baridi kama mimi.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Sitaongeza chumvi, maana tukio lenyewe lilikuja na chumvi yake. Majina nimebadilisha. La kibanda sikubadilisha kwa sababu hakina jina.

Nijitambulishe kidogo ili tusipotezane.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini upande wa Kigoma. Sasa hivi nafanya kazi kiwandani Tonawanda, juu kidogo ya Buffalo. Kazi yangu ni kusimama mbele ya mashine inayokata maboksi na kuiomba isikate vidole vyangu.

Mke wangu Furaha ni Mkongomani, kwao ni milimani huko Kivu Kusini. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tuna mapacha wa kike wa miaka sita, Bukuru na Butoyi.

Kwa ajili ya kazi ya Furaha tulihamia kijiji kimoja nje ya Buffalo. Nasema kijiji kwa sababu wenyewe wanakiita hivyo na kina mpaka bodi ya kijiji. Lakini msije mkadhani kuna kuku wanazurura. Ni kijiji chenye lami, benki, na watu wanaochana nyasi zao kama nywele.

Sasa shida yetu ilikuwa hii. Shule inatoka saa tisa. Mimi natoka kiwandani saa kumi na mbili jioni. Furaha anaingia zamu saa nane mchana. Nani apokee watoto?

Ndipo tukamleta mama mkwe kutoka Louisville, mtaa wa Highview, alikokuwa anaishi kwa kaka yake Furaha aitwaye Elias.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasiojua mambo ya ukwe.

Kwetu na kwao, mama mkwe haguswi. Hukai naye kochi moja. Huli mbele yake ukitafuna kama mbuzi. Hupishani naye kwenye njia nyembamba, mmoja anasubiri mwenzie apite. Na yeye hakusemeshi moja kwa moja, anapitishia maneno kwa watoto.

Mnaweza kukaa chumba kimoja, mimi nimesimama pale pale, anasema, "Bukuru, ambia papa yako chakula iko ku meza."

Bukuru anageuka, "Papa, food."

Namjibu Bukuru, "Mwambie Koko asante." Koko ndiyo bibi kwa lugha ya nyumbani kwao.

Heshima hiyo ni nzuri sana ukiwa na kiwanja na nyumba mbili. Sisi tuna apatimenti ya vyumba viwili na korido moja ambayo hata kabati lilipita kwa kubinuliwa. Mama akitoka chumbani, mimi narudi nyuma. Akienda jikoni, mimi najificha bafuni mpaka apite. Nimeishi mwaka mzima kama panya anayelipa kodi.

Sasa tuje kwenye kibanda.

Mama anaomba. Na anaomba kwa sauti. Louisville walikuwa na kanisa lililojaa watu wa kwao, wote wanaomba kwa pamoja mpaka mabati yanatetemeka, kwa hiyo hakuna aliyemwona wa ajabu. Huku kwetu yupo peke yake. Na muda wake ni saa nne asubuhi.

Jirani wa juu yeye anafanya kazi za usiku. Saa nne asubuhi ndiyo usingizi wake umekolea. Akaanza kugonga sakafu kwa ufagio. Mama akadhani jirani naye ni mtu wa maombi, akaongeza sauti.

Ikaja barua ya kwanza kutoka kwa landlord. Ikaja ya pili.

Furaha akamwambia mama yake aombe kimoyomoyo. Mama akamtazama kama vile ameambiwa apike bila moto.

"Mungu haiko mwizi, donc ju ya nini tumunong'oneze?"

Baadaye alimweleza Furaha vizuri, na mimi nilisikia nikiwa bafuni. Alisema kila siku anataja watu wake wote kwa majina. Walioko Uvira, walioko kambini, walioko Louisville, walioko Columbus, na wale aliopotezana nao wakati wa kukimbia na hajui kama wako hai. Anataja kwa sauti mmoja mmoja.

"Jina yenye haitajwe inapoteaka," alisema.

Tangu hapo Furaha hakumwambia tena aombe kimoyomoyo.

Basi mama akawa anatoka asubuhi watoto wakishaenda shule, anazunguka kijijini akitafuta mahali. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mama aliokota kibanda.

Pembeni ya bustani ya kijiji kuna kibanda chekundu cha simu. Vile vya Uingereza, vya chuma, vyenye vioo vidogovidogo na taji juu yake. Kililetwa zamani na mzee mmoja aliyekuwa na baa, akakiweka nje kwa mapambo. Mzee akafa, baa ikafungwa, kibanda kikabaki na bodi ya kijiji.

Ndani hakuna simu. Wakuu, nawaambia ukweli, wanahifadhi kibanda cha simu kisicho na simu! Kule nilikokulia kulikuwa na kibanda kama hicho nje ya posta. Simu ilipokufa, mama mmoja alifungia mkaa humo na maisha yakaendelea. Hawa wenzetu wana kamati. Watu watano, mwenyekiti wao anaitwa Bibi Peggy, wanakipaka rangi kila kipupwe kikiisha na kugombana kuhusu wekundu gani ndio wekundu wenyewe. Kwa nyuma waliweka rafu ya vitabu, ukichukua kimoja unaacha kingine.

Mama hakujua habari za kamati. Aliona chumba kidogo, mlango mzito, hakuna mtu ndani. Biblia imesema uingie chumbani mwako ufunge mlango. Akaingia, akafunga.

Ila vioo vilimsumbua, watu wanamwona. Kesho yake akaja na kitenge cha njano chenye picha za feni, akakitundika kwa ndani. Vitabu vya rafu ya chini vilimzuia kupiga magoti, akavipanga nje kwenye majani kwa heshima zote, akimaliza anavirudisha. Na kwa sababu hawezi kuomba mahali pachafu, akawa anakisugua kile kibanda kila asubuhi kwa sifongo na sabuni ya vyombo.

Furaha ndiye aliyegundua kwanza, kwa sababu mama alianza kuimba akipika. Mwaka mzima hatukuwahi kumsikia akiimba jikoni. Sasa anaimba, anacheka na watoto, anaweka pilipili kwenye kila kitu. Barua za landlord zikakoma. Nyumba ikapoa.

Kijijini sasa maneno yakaanza. Nilikuwa nimepanga foleni dukani, nikasikia wazee wawili wanaongea. Mmoja anasema kuna mtu anaishi ndani ya kibanda. Mwenzie anasema hapana, ni redio. Kiwandani nako jamaa mmoja wa kijiji kile kile akaniuliza mbele ya wenzangu, "Hivi yule bibi anayepiga kelele kwenye kibanda ni wa kwenu?"

Nikasema simjui.

Ndiyo, wakuu. Nilimkana kama Petro, na wala jogoo hakuwepo wa kunikumbusha.

Muda si mrefu bodi ikatangaza kwamba kuna mzee mmoja kutoka Columbus, Ohio, ana mgahawa na anataka kukinunua kibanda akiweke mlangoni watu wapige picha. Wakaleta kadi ya maoni kila nyumba. Imeandikwa maneno mawili tu, KIBAKI au KIUZWE, unatia alama, unairudisha kwa posta.

Furaha alimweleza mama yake. Mama akasema, "Bon. Kasanduku kakienda, na miye naenda kwa Riziki."

Riziki ni dada yake Furaha, naye anaishi Columbus. Yaani kibanda na mama mkwe wote safari moja!

Furaha alilia siku ile. Mama akiondoka itabidi aache kazi, na wale wazee wake anawapenda kweli. Na Riziki ana watoto watano katika vyumba viwili, mama ataombea wapi huko? Ataombea kwenye friji?

Sasa nakiri jambo, na namshukuru Mungu Furaha hasomi jukwaa hili.

Siku moja nilirudi kutoka kiwandani nimesimama masaa kumi na mbili. Nikaoga, nikavaa kaptula, nikawa naelekea jikoni kutafuta chakula. Nikasikia mlango wa mama unafunguka. Kaptula mbele ya mkwe? Nikaruka bafuni. Mama naye, pale pale koridoni, akaanza kumsuka Butoyi kwa sababu taa ya pale ina mwanga mzuri.

Nilikaa bafuni dakika arobaini. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, njaa inaniuma, nasoma maelezo ya shampuu kwa Kiingereza na Kispanyola.

Nilipotoka nilikuwa nafuka moshi. Ile kadi ilikuwa mezani. Nikachukua kalamu nikatia alama kwenye KIUZWE. Kibanda kiende, mama aende, na mimi nitembee na kaptula nyumbani kwangu kama mwanaume.

Nikaitia kadi mfuko wa suruali ya kazi ili kesho niipeleke posta.

Usiku hasira ikaisha, na asubuhi aibu ikanishika. Nikaitafuta suruali nikaichane ile kadi. Suruali imeshafuliwa, imekunjwa, mfuko mtupu. Nikajua kadi imesagika kwenye mashine ya kufulia. Nikashusha pumzi, nikaona Mungu ameniepusha na ujinga wangu.

Wiki mbili baadaye matokeo yakatoka. KIUZWE wameshinda kwa kura chache.

Mama hakulalamika. Alitoa sanduku chini ya kitanda akaanza kukunja vitenge. Tiketi ya basi ya kwenda Columbus ikakatwa, ya Jumatatu. Butoyi akaingia ndani ya lile sanduku, akakaa juu ya nguo, akagoma kutoka. Mimi nilikuwa napita koridoni nikitazama miguu yangu.

Jumamosi yake asubuhi nipo nyumbani, nasikia mlango unagongwa kwa fujo. Ni Bibi Peggy wa kamati, amevaa koti jekundu na macho yake pia mekundu.

"Lori limefika," akasema. "Na mama yako yumo ndani ya kibanda."

Kumbe alikuwa anajua siku zote! Nilimuuliza tukiwa njiani tunakimbia. Akasema kamati nzima ilijua. Waliona kibanda kinang'aa kuliko walivyowahi kukiona tangu kiletwe, wakakubaliana wasimguse anayekisugua.

Tukafika. Kuna lori lenye kreni ndogo. Kuna mzee wa mgahawa mwenyewe, Dale, tumbo kubwa, kofia ya besiboli, anachechemea mguu mmoja. Kuna kijana wake upande wa pili wa kibanda anapitisha ile mikanda mipana ya kufungia mizigo, yenye chuma cha kukazia. Watu kumi hivi wamesimama na mbwa wao. Vitabu vimepangwa kwenye majani. Na kutoka nyuma ya kitenge chenye feni, sauti ya mama mkwe inapanda na kushuka.

Dale akaniuliza, "Anamaliza saa ngapi?"

Nikamwambia inategemea. Ukoo ni mkubwa.

Akagonga kioo. Mama hakusikia, au alisikia akaendelea. Mtu wa kwetu hakatizwi kabla ya amina. Furaha alikuwa bado anakuja na watoto. Mimi ndiye pekee pale mwenye lugha yake.

Nikaenda mlangoni. Nikasema, "Mama, hodi." Maombi yakaendelea. Nikavuta ule mlango, mzito kweli kweli, nikaingiza kichwa. "Mama, samahani, lori limefika." Yeye amefumba macho, amegeukia rafu, mikono juu. Nikaingiza bega. Nikaingiza mguu mmoja ili nisogee nimsemeshe karibu, bila kumgusa.

Kijana wa upande wa pili hakuniona. Alichoona ni mkanda umelegea. Akakaza.

Mlango ukanisukuma kwa nyuma, ukafunga kabisa, na mkanda umepita juu yake.

Wakuu, kile kibanda kilitengenezwa kwa ajili ya Mwingereza mmoja mwembamba. Mimi si mwembamba, na mama mkwe wangu ni mama wa kula ugali. Nilijigeuza haraka nitazame nje ili angalau tusiangaliane, nikaangusha kitenge cha upande wa mlango. Matokeo yake mgongo wangu ukabanana na mgongo wake. Mgongo kwa mgongo! Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ndani ya kibanda kile hata ardhi haikuwa na nafasi ya kupasukia.

Nikapiga kelele wafungue. Kijana akashika chuma cha kukazia, kikagoma. Dale akaja naye akajaribu, kikagoma zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Wakaanza kubishana kama wakate mkanda au watafute mafuta ya kulainisha.

Wakati huo Furaha akafika na mapacha. Bukuru akabandika pua kwenye kioo, akageuka na kuutangazia umati, "Papa is in the box with Koko!"

Na mke wangu, badala ya kulia, alicheka mpaka akakaa chini kwenye vitabu. Kisha akatoa simu akapiga video kwenye grupu la familia, na kuirekodi. Elias kule Louisville akatokea na mswaki mdomoni. Riziki wa Columbus akatokea. Wote wananiona nimebanwa na mama yao kama dagaa.

Mama yeye hakuacha kuomba. Alitikisika kidogo tu mlango ulipofunga, akaendelea pale alipoishia.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, nikasikia maombi ya mama mkwe mwanzo mpaka mwisho. Siku zote niliyakimbia.

Akataja majina ya Uvira. Akataja ya kambini, mengine nayajua, ni watu tuliochota nao maji. Akataja ndugu zake waliopotea, na kila jina analisema taratibu, analisubiri kidogo kana kwamba litajibu. Akataja wazee wote anaowahudumia Furaha, mpaka yule anayemtukana. Akamtaja jirani wa juu, Mungu ampe usingizi.

Kisha nikasikia, "Na mukwe wangu. Mungu, angalia miguu yake, inasimamaka siku nzima ku ile mashine. Linda vidole yake. Kichwa yake ni nguvu, lakini anarudishaka chakula ku nyumba. Umutoleye haya yake, maana muntu huyu anaishiya mu douche, mule mu bafu, ju ya kuniheshimu, na miye sina nafasi ingine ya kumupatia."

Wakuu, nililia. Sina sababu ya kuficha. Nililia nikiwa nimebandikwa kwenye kioo, umati unaniangalia, na mbwa mmoja naye ananiangalia.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema huku natazama mbele, "Mama. Mimi nilitia alama kiuzwe. Kwenye ile kadi. Nisamehe."

Akasimamisha maombi. Na hapo kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, mama mkwe akanisemesha mwenyewe.

"Nilijua."

"Ulijuaje, Mama?"

"Kakadi kalikuwa mu mufuko ya pantalon. Miye njo nafulaka. Bukuru akanisomea."

"Kwa hiyo uliitupa?"

"Nilikapeleka ku posta."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza ni kwa nini aipeleke kadi ya kumfukuza yeye mwenyewe.

"Kadi ni yako, mwanangu. Hapa ni kwako. Muntu mukubwa anasema mawazo yake, haifichwe mu mufuko. Miye nilirudia tu ku maombi."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, ila mimi siku ile niliyaona ya wote wawili.

Nje, Dale alikuwa ameweka sikio kwenye mlango. Akauliza, "Sasa hivi anasema nini? Nimesikia Columbus."

Na kweli mama alikuwa ameendelea, amechungulia pembeni ya kitenge, ameliona lori. Neno kwa neno aliomba hivi: "Mungu, ile lori ya Columbus, kama iko na mupango mubaya, uitoboe gurudumu. Lakini polepole, muntu asiumie. Na ule muzee mwenye anachechemea, umuponye goti, ni muzee mwenye hana kosa."

Mimi nikatafsiri. Nikasema, "Anakuombea goti lako lipone. Na analiombea lori lako."

Nilisema uongo? Semeni nyie.

Dale akavua kofia. Akauliza kama bibi anamfahamu. Nikasema hapana, amekuona sasa hivi tu kupitia kwenye upenyo. Akasimama pale, kofia mkononi, anaangalia goti lake.

Bibi Peggy akapata nafasi yake. Akamgeukia mjumbe wa bodi aliyekuwepo, akasema, "Miaka yote hii tumekihifadhi na sijawahi kuona mtu akikiingia kwa haja ya kuongea. Leo kuna wawili, na hawatoki."

Watu wakacheka. Dale naye akacheka. Akasema mgahawa wake utapata pambo lingine, yeye hawezi kung'oa mahali bibi wa watu anapoombea goti lake. Akamwambia kijana akate mkanda.

Mlango ulipofunguka nilichomoka mbio bila kutazama chini ili nimpishe mama, nikakanyaga vitabu, nikaanguka juu ya mbwa. Mbwa mzima, mimi mzima.

Mama hakutoka. Alikuwa hajasema amina.

Bodi ilikaa tena na kibanda kikabaki. Ila kamati walibishana jioni nzima kuhusu kitenge, kwamba njano haiendani na urithi wa kijiji. Bibi Peggy akaja nyumbani na vipande vya rangi kama fundi wa nyumba. Mwisho mama akakubali kitenge chekundu, kwa sharti kiwe na picha za kuku. Kuku wapo mpaka leo, kijiji sasa kina kuku.

Riziki akapiga simu kuuliza habari za basi la Jumatatu.

Mama akamuuliza, "Huko Columbus muko na kasanduku?"

"Hapana, Mama."

"Bon. Basi sitoki."

Sasa limebaki suala moja, na hapa ndipo nawaomba wakuu mnisaidie. Elias ameitazama ile video mara nne, ameitisha kikao cha familia kwa simu, na amesema nimemgusa mkwe mgongo kwa mgongo mchana kweupe, kwa hiyo natakiwa kutoa mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi mzima, anayelia. Nimemwuliza mbuzi huyo nitamfuga wapi, kwenye korido?

Mama mwenyewe amesema mbuzi hamtaki. Alichotaka ni kwamba Jumamosi, nikiwa sipo kazini, nikasimame nje nimshikie ule mlango usije ukafunga tena. Kwa hiyo ndiyo kazi yangu mpya. Nasimama pale na mwavuli, mvua itokayo ziwa la jirani inanipiga, wanakijiji wananipungia mkono.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kwa sababu ya overtime. Nikafika mbio saa tano, nikijua ameshamaliza. Nikamkuta amesimama nje na Bukuru, vitabu vimeshapangwa kwenye majani, hajaanza.

Nikamuuliza Bukuru kwa nini.

Akasema, "Koko said she can't start. You have to be here for your part."

Haya, wenye uzoefu wa ukwe karibuni mchangie: je, kibanda cha simu kinahesabika kama njia nyembamba? Na mgongo kwa mgongo ni mbuzi au ni kuku tu? Wa Louisville mnaomjua Elias, mwambieni apunguze.

Nilichojifunza mimi ni kimoja. Ukitaka kumfukuza mama mkwe, kwanza msikilize anapoomba mpaka afike amina. Unaweza kukuta na wewe umo.